Vibati Vyangu Juu ya Watu Wako

Mwalimu Makuru,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama yangu alinilea hivyo, kwamba mkubwa anaamkiwa hata kama mna ugomvi. Marahaba kaa nayo. Nimekuja na hasira, na sitaki uipoze kwa mtindo wako ule wa kukohoa kidogo, kutazama pembeni, halafu kuniuliza, "Bhoke, umekula?"

Sijala. Mkeo amenitolea kiti nyuma ya nyumba, akaniambia nikae na wewe niseme yangu yote, yeye akaenda zake kuanua mtama. Anajua nina neno na wewe. Nadhani kijiji kizima cha Nyambureti kinajua. Kaburi lako liko hapa mbele ya miguu yangu, saruji bado haijapauka, na upande wa kichwani umesimama ule mshubiri. Nikiinua macho nauona. Kwa hiyo nimeinamia karatasi.

Nianzie mbali, maana ni wewe uliyenifundisha kwamba anayetaka kuujua mmea aulize kwanza umetoka wapi.

Nilikuja shuleni kwenu kutoka Tarime, mtoto wa bweni, mkali, mwepesi wa ngumi, sina Kiswahili cha kubembeleza mtu. Wenzangu walinicheka lafudhi. Wewe ulikuwa unatufundisha Biolojia na hukumcheka mtu. Jumamosi moja ulitutoa darasani ukatupeleka sokoni Mugumu, ukasimama mbele ya meza ya mama mmoja wa mboga. Ukanyanyua nyanya. Ukanyanyua pilipili, bilinganya, kiazi mviringo, fungu la mnavu. Ukamwomba mzee wa meza ya pili jani la tumbaku. Ukasema, "Hawa ni ndugu." Tukacheka. Pilipili na kiazi ni ndugu tangu lini? Hukubishana. Ulitupeleka kwenye bustani zilizo nyuma ya soko ukatuonyesha maua, moja moja, la mnavu dogo jeupe, la bilinganya kubwa la zambarau, la nyanya la njano, na yote yalikuwa nyota ile ile ya ncha tano. Yule mama wa mboga alituacha tumuachie meza yake imevurugika, na bado akakuaga vizuri. Watu walikupenda, Mwalimu. Hilo sikuzulii.

"Jani linadanganya," ulisema siku ile. "Jani linafuata jua na kiu. Ua linafuata ukoo. Ukitaka kujua nani ni ndugu wa nani, acha jani, tazama ua."

Tukiwa njiani kurudi ulituonyesha uzio wa mkonge, na chini yake mshubiri umejiotea, ule ambao siku hizi kila mtu anauita alovera. Majani manene yale yale, miba ile ile. Ukasema hao wawili hata ndugu wa karibu si, ni ukame tu umewavalisha nguo moja. Wiki nyingine tukaenda Manchira, tukasimama ukingoni mwa bwawa kutazama yungiyungi, ukatuambia lile ni tawi lililoachana na maua mengine zamani sana, kabla hata nyuki hawajawa nyuki tunaowajua. Nilikuwa nimevua viatu, matope yananiingia kwenye vidole, nikajiona nimesimama mlangoni pa nyumba ambayo sikujua kama ipo.

Mmea mmoja unatawanya watoto, ulikuwa unasema. Mmoja anaangukia upande wa mvua, mwingine upande wa jua. Mmoja anapendwa na ndege, mwingine na nyuki. Mmoja anawahi kuchanua, mwingine anachelewa, na kidogo kidogo chavua ya huyu haimfikii tena yule. Hawajagombana, wameacha tu kukutana. Muda ukipita, mrefu kupita akili ya binadamu, unakuta ni mimea miwili isiyozaana, nayo kila mmoja una watoto wake, na watoto wanatawanyika tena. Ndivyo dunia ilivyojaa maua. Nilikuwa nikilala bwenini nawaza hayo mpaka naota.

Halafu ukanipeleka kilimani.

Kile kilima cha mawe kilicho nyuma ya kijiji chenu, wewe na mimi na wasichana wengine wawili ambao walichoka wakabaki chini kula mahindi ya kuchoma. Upande wa machweo mishubiri ilikuwa imechanua maua mekundu, na chozi, yule ndege mdogo anayeng'aa mwenye mdomo uliopinda, alikuwa anaruka kutoka ua hadi ua. Tukazunguka upande wa mawio. Huko mishubiri ilikuwa na maua ya njano, ya njano kabisa, na nyuki wamejaa. Ukanitazama. Ukaniuliza, "Wewe wa Tarime, ua hili umewahi kuliona kwenu?"

Nikasema sijawahi.

Ukatikisa kichwa taratibu, ukatabasamu, ukaanza kufundisha. Ukasema hapa ukoo mmoja unagawanyika mbele ya macho yetu, wekundu wanaelekea kwa ndege, njano wanaelekea kwa nyuki, kilima kikiwa katikati kama mlima kati ya vijiji viwili. Ukasema mimi na wewe tutakufa hatujauona mwisho, lakini mtu mwenye subira anaweza kuuona mwanzo. Nami, mjinga, nikaapa moyoni kwamba huyo mtu mwenye subira atakuwa mimi.

Sasa nielewe vizuri ninapokuja. Swali lile halikuwa la kufundisha. Ulikuwa unanichunguza. Ulitaka kujua kama kuna hatari nikalitambua ua lile, na niliposema sijawahi, ukajua umepata mtu.

Nikaenda chuo kikuu nikiwa na kilima chako kichwani. Shahada ya kwanza nikaandika juu yake, ya pili nikaandika juu yake, na hii ya uzamivu ndiyo hiyo niliyokuwa naimalizia. Kila kiangazi nilikuja, nikalala kwenu, mkeo akinisongea ugali wa mtama na kunikaripia kwa kukonda. Tulikata vibati pamoja kutoka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, wewe ukishika mkasi kwa sababu mimi nilijikata kila mara, nami nagonga namba kwa msumari. Tulifunga kibati kwa waya kwenye kila mshubiri mkubwa. Mimi ndiye niliyefunga. Wewe ulikuwa unakaa juu ya jiwe, umevua kofia, unanitazama.

Umevua kofia. Nilidhani ni joto.

Sasa kila kitu kinanirudia kikiwa na sura nyingine. "Pita huku, huko kuna nyoka." Sikuwahi kuona nyoka hata mmoja. "Usichimbe mizizi, chukua jani, jani linatosha kwa maabara." Nikawaeleza watu chuoni jinsi mwalimu wangu wa kijijini alivyo na huruma na mimea. Majibu ya maabara yalipokuja yakaonyesha njano na wekundu wametofautiana kuliko tulivyotegemea, nikakuletea nikiwa na mashaka. Uliyasoma, ukakohoa. Ukasema labda waliachana zamani zaidi ya tulivyodhani. Msimamizi wangu akaniuliza, mbele ya watu, kama nina hakika ile ya njano haikuletwa na binadamu kutoka kwingine. Nikamjibu kwa jeuri. Nilisema mwalimu wangu amezaliwa chini ya kilima kile kile, na ameniambia kwa mdomo wake kwamba hapajawahi kukaliwa na mtu.

Uliniambia hivyo. Nilikuuliza waziwazi, tumekaa pale jikoni kwako, na ukanijibu waziwazi. Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikang'aa.

Mkandarasi wa barabara alipokuja kutaka kilima apasue kokoto, ni wewe uliyenipigia simu nije. Kwenye mkutano wa kijiji ulinisimamisha mbele, ukaniita "mtafiti wetu". Nilisema maneno makubwa siku ile. Nikasema hapa kuna jambo ambalo wasomi wa dunia watalifuata, ua moja linalokuwa maua mawili. Wazee walikubali, mwenyekiti akaandika kwamba kilima ni cha utafiti, mkandarasi akaenda kutafuta mawe kwingine. Ulinishika mkono ukalia. Sijawahi kukuona ukilia kabla ya hapo, na nikafikiri unalilia sayansi.

Basi ukafa. Masika yalikuwa yameshika, niko chuoni, mkeo akanipigia akasema tu, "Bhoke, mwalimu wako amelala." Nilisafiri nikiwa nimeduwaa. Tope lilikuwa limekata njia, tukashuka tukasukuma gari, nikafika nyumbani kwenu nguo zimelowa na wanaume wanachimba. Nililia, Mwalimu. Nililia kuliko nilivyomlilia baba yangu, na shangazi zako wakanishika mabegani kama mtoto wa nyumba.

Tulipokwisha kukufukia, Shangazi Nyangi akaingia uani na beseni kichwani. Mzee vile, kapanda kilima asubuhi ile na mvua ile. Akatua beseni. Ndani mlikuwa na mshubiri, umeng'olewa na udongo wake, na kwenye jani la chini kuna kibati changu. Namba yangu. Waya wangu.

Nikadhani mtoto wa kijijini kauharibu, shangazi kauokota. Nikamwendea. Yeye akapiga magoti, akauchimbia kichwani kwa kaburi lako kwa mikono yake, huku anasema na wewe kwa Kiikoma chenu, halafu akanigeukia akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie: "Huu nimeutoa kwa mama yake. Mama yake naye tulimpandia kutoka kwa bibi yake."

Kwa mama yake. Nilimuuliza mama yake anakaa wapi, kwa maana nilijua umekuwa yatima tangu zamani. Akanionyesha kilima kwa kidole.

Pale ndipo machozi yalipokatika. Ninyi mlikaa pale. Chini ya upande ule wa mawio ndipo palikuwa na mji wenu, nyumba na zizi, mpaka watu walipoambiwa wahamie vijijini, wewe ukiwa mdogo wa kubebeshwa kuku. Mahame yale. Wafu mkawaacha, maana wafu hawahamishwi kwa lori. Hamkuweka saruji, hamkuweka msalaba, mliweka ua. Kila mshubiri mkubwa wa njano niliofunga kibati, chini yake kuna mtu wenu. Nimewapigia namba babu zako, Mwalimu. Nimempigia mama yako namba kwa kopo la mafuta, nawe umekaa juu ya jiwe umevua kofia, unanitazama tu.

Shangazi Nyangi aliniona nimeganda akanihurumia. Akasema, "Usifadhaike, binti yangu. Umetulindia sana. Makuru alisema tusikuambie, ungeacha."

Ungeacha. Hilo neno ndilo lililonichoma kuliko yote. Hukusema ungeumia, hukusema ungekasirika. Ulikaa na mimi miaka yote hiyo, ukala na mimi, ukanizoza kama binti yako, na bado ukaniweka kwenye kundi la watu ambao wangeacha.

Shangazi alinimalizia mengine huku tunakunywa uji. Kwamba bibi yenu alikuwa Mkurya wa Tarime, ameolewa Ikoma, na alipokuja kuolewa alibeba chipukizi la mshubiri kwenye kapu kwa sababu ya kuku wake. Ulipandwa mlangoni. Alipokufa, waliona vema alale na cha kwao.

Sikulala kwenu siku ile, unakumbuka? Hukumbuki, umekufa. Nilikwenda moja kwa moja Tarime kwa mama yangu. Nyuma ya banda la kuku ipo mishubiri, imekuwepo tangu sijazaliwa, tunaiita dawa ya kuku na hakuna anayeiita vingine. Kideri kikiingia, unakata jani, unaliponda, unaliweka kwenye maji ya kuku. Kila wiki mtu anakata. Kikitokea kikonyo cha ua, mbuzi anakiwahi. Nimekua naikatakata hiyo mimea kwa kisu na sijawahi kuona ua lake hata siku moja. Ndiyo maana nilikujibu sijawahi, na nilisema kweli.

Nikaizungushia miba. Mama akanishangaa, akauliza kama huko chuoni ndiko wanakofundisha kunyima kuku dawa. Kiangazi kilipofika akanipigia simu mwenyewe. Alisema, "Njoo uone, dawa ya kuku imetoa ua." Sikuuliza rangi. Nilipanda basi nikaenda kuona kwa macho yangu, na lilikuwa njano, njano ile ile, na nyuki wamejaa. Ulisema kweli kwamba ua halidanganyi. Uliyedanganya ni wewe.

Nilimpigia msimamizi wangu nikamwambia yote. Hakunitukana, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Alisema sehemu kubwa ya tasnifu imekufa. Njano haikuzaliwa pale, ililetwa, na kama ililetwa basi sikuona mwanzo wa mgawanyiko wowote, niliona bustani ya makaburi. Nilikaa chumbani nikitazama picha za maua ukutani mpaka nikazigeuza.

Nakwambia hili ili ulijue lilivyo. Hukunidanganya kitu kidogo. Ulinidanganya kwenye kitu ambacho wewe mwenyewe ulinipa, kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho si ngumi.

Wakati nageuza picha, mkandarasi akarudi. Barabara imeongezwa, mawe hayatoshi, na yule mwalimu mkorofi wa kilima amefariki. Mwenyekiti akanipigia akiwa na furaha, "Mtafiti wetu, njoo useme kama siku ile." Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia nitasema nini kwa sababu sikujua.

Nilifikiri sana kwa nini hukusema tangu mwanzo kuwa kuna makaburi. Mtu angeheshimu makaburi, si ndiyo? Nikamuuliza mama yangu, akanijibu bila hata kuacha kupepeta. Kwetu Tarime tumeyaona. Ukisema kuna kaburi, wanakuja na karatasi, unaonyesha mahali, wanakufidia, wanafukua, wanampeleka mtu wako penye nafasi. Kaburi linahamishika. Nikaelewa hesabu yako. Ukisema makaburi, watafukuliwa. Ukisema ua la ajabu ambalo haliko pengine duniani, hakuna wa kuligusa. Ukawaficha watu wako chini ya elimu yangu.

Nimeelewa, lakini sijakusamehe. Kuelewa ni kazi yangu, kusamehe ni habari nyingine.

Mkutano ulijaa. Yule mtu wa mkandarasi alikuwa na adabu, buti safi, karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni. Wakanisimamisha. Mimi ni Mkurya, Mwalimu, sijui kusema uongo nikiwa nimesimama. Nikasema yale niliyosema mara ya kwanza hayakuwa kweli, ila sikujua. Nikasema ua la njano halikuzaliwa kilimani, limetoka Tarime kwenye kapu la bi harusi, na upande wa mawio ni mahame, kuna watu wamelala. Mkeo akajifunika khanga usoni. Mwenyekiti akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

Mtu wa mkandarasi akafurahi, unajua, kwa ile furaha ya mtu anayeijua kazi yake. Akasema makaburi si tatizo, upo utaratibu, ndugu waonyeshe yalipo yahamishwe kwa heshima. Akamgeukia Shangazi Nyangi.

Shangazi akasimama na fimbo yake. Akasema, "Mimi naonyesha ua. Penye ua la njano kuna mtu wetu."

Watu wakacheka chinichini, kwa sababu kila mmoja anajua upande ule ulivyo. Huko ni njano mpaka chini bondeni. Tangu mlipohama, mimea ile imezaa machipukizi, mbegu zimepeperuka, nyuki wamefanya yao, imetambaa juu ya mawe mpaka imekutana na wekundu kileleni, na pale walipokutana kuna wengine wenye maua rangi ya papai lililoiva ambao hawakupandwa na mtu yeyote. Ukitaka kuhamisha makaburi kwa kufuata ua, ubebe kilima kizima. Akasimama na mzee mwingine, akasema na babu yake yuko pale. Akasimama na mama mmoja.

Yule mtu hakuwa mjinga. Akanigeukia mimi. Akaniuliza kama mtaalamu anaweza kutofautisha mishubiri iliyopandwa na iliyojiotea.

Naweza. Iliyopandwa ndiyo ile mikubwa ya zamani, na kila mmoja una kibati changu. Ningeweza kuwapeleka mpaka kwa mama yako nikiwa nimefumba macho.

Wote wakanitazama, Mwalimu. Shangazi ameshika fimbo. Ningesema siwezi, na hakuna ambaye angejua. Wewe ungesema hivyo, tena kwa tabasamu. Nikamjibu, "Najua. Sitasema."

Akadhani hakusikia. Nikarudia. Akasema nitaandikiwa barua, ataenda wilayani, nikamwambia aende, safari njema. Mkutano ukakataa kutoa kilima kwa mikono iliyonyooshwa, na sijui huko wilayani wataamua nini. Mpaka leo hakuna jiwe lililopasuliwa.

Umeona ilivyokuwa rahisi? Maneno mawili. Ungeniambia siku ile jikoni, ukaniambia, Bhoke, chini ya maua yale kuna mama yangu, ningeyasema maneno hayo tangu wakati huo na nisingeacha. Ningekulindia bila kudanganywa. Lakini hukunijaribu hata mara moja. Ulijaribu macho yangu kama yanalijua ua, moyo wangu hukuujaribu.

Jana nilipanda kilimani peke yangu na koleo ya kukatia waya. Nilivua viatu. Nilipita kule kwenye nyoka wako wa uongo, nikavitoa vibati vyote, kimoja kimoja, na kila nilipotoa nilisema shikamoo, kwa maana sikuwaamkia miaka yote ile. Kwa mama yako nilikaa kidogo. Pale shangazi alipong'oa mshubiri, chipukizi limeshatokeza. Nilipita na kileleni kuwatazama wale wa rangi ya papai. Msimamizi wangu anasema kama nina nguvu ya kuanza upya, nianze na hao, maana nusu ya maua ya dunia yalifika yalipo kwa bahati, kwenye mdomo wa ndege, kwenye matope ya kwato, na yakishafika ndipo kazi inaanza. Kapu la bi harusi nalo ni njia. Nitaanza upya. Itanichukua miaka, na sifanyi kwa ajili yako.

Mkeo amerudi na ungo wake, ananiita nikale. Nitakula, basi ujue.

Kwaheri, Mwalimu. Kimebaki kibati kimoja tu, hicho kilicho hapo kichwani kwako. Nilishika koleo, nikainama, nikaacha. Wenzako wote nimewavua, wewe nimekuachia. Kaa nacho uone inavyokuwa kufungwa namba na mtu unayemwamini bila kuambiwa kwa nini. Ahadi yangu ni kwamba nitakuja kila kiangazi kama nilivyozoea, na siku hasira ikinitoka, nitakuja na koleo nikuvue.

Bhoke